Sare Nyuma ya Friji

Zoraide alikuwa mtu wa kuchoka. Si kuchoka kwa siku moja, ambako mtu hulala akaamka mzima. Kwake uchovu ulikuwa umehamia kama mpangaji sugu, na haukuwa na mpango wa kuondoka. Magoti yalichoshwa na ngazi, mgongo ukachoshwa na pasi, na mdomo ukachoka kusema "ndiyo, bibi" katika majiko ya watu, tangu alipoletwa Rio kutoka jimbo la Bahia, msichana mdogo wa kulea watoto wa wengine. Ukimuuliza hali alikujibu, "Tunasukuma." Hakuna aliyewahi kumuuliza anasukuma nini.

Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya mlima wa Pedra Mole, pale lami inapoishia na ngazi kuanza. Watu wa mlimani walimwita mtu wa lami, mwenye bahati zake. Watu wa lami walimwita mtu wa mlimani. Alikuwa na vyumba viwili na paa la zege ambalo marehemu mumewe na majirani walilimwaga Jumapili moja, na ujira wao ulikuwa sufuria la maharage meusi na bia. Juu ya paa hilo ndiko alikoanika nguo zake zote, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa sare ya mwanawe, Edmilson. Edi alikuwa askari polisi, na vijana wenye bunduki waliotawala mlima hawakuwa na mzaha na polisi. Wakijua askari analala chini ya pua zao, hawamngojei hata amalize chai. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba Edi ni mlinzi wa duka kubwa la nguo mjini. Alitoka na fulana na suruali ya jinzi, na sare ilikaa chini ya begi, imefunikwa na viatu na taulo. Iliporudi chafu, Zoraide aliifulia ndani na kuitandaza nyuma ya friji, kwenye zile waya zenye joto, mpaka ikauke. Katika jiji lile ndivyo wafanyavyo mama wengi wa askari maskini. Askari wenye nyumba nzuri wana mashine za kukaushia.

Msimwulize kwa nini alimruhusu. Kijana mweusi aliyemaliza shule ya serikali, ana nguvu na hana mjomba ofisini, milango aliyofunguliwa ilikuwa michache: abebe mizigo, alinde mali ya watu, au avae sare. Edi akaenda kufanya mtihani wa polisi. Siku alipofaulu Zoraide alilia, na mpaka leo hajui kama kilikuwa kilio cha furaha.

Nje ya nyumba ile, waliojua siri ni Ivonete na mwanawe Cleber, basi. Ivonete alikaa juu mlimani, kwenye kona ambayo ukisimama dirishani unaliona paa la Zoraide kama kiganja cha mkono wako. Wanawake hao walikuwa wamesimamiana watoto ubatizoni: Ivonete mama wa ubatizo wa Edi, na Zoraide mama wa ubatizo wa Cleber. Kwa watu wale huo ni undugu kamili, tena wengine husema umepita wa tumbo, maana ndugu wa tumbo hukumchagua. Ivonete alizungukwa na vijana wenye bunduki asubuhi na jioni. Aliwauzia keki za muhogo, akawatania, akawakemea, na siku zote hizo hakuponyokwa na neno.

"Wewe, Ivo, ukilewa utasema," Zoraide alimwambia siku moja.

"Mimi nikilewa naimba, dada. Kusema nasema nikiwa na akili zangu, na akili zangu haziniambii nimzike mtoto wako."

Sasa, kufulia ndani kuna gharama yake. Ukuta ule wa jikoni uliota ukungu mweusi, ukapanda mpaka darini, na kila Zoraide akipika alikohoa. Cleber alikuwa fundi wa rangi. Akamwita.

"Njoo Jumamosi, mwanangu, nipo nyumbani. Nitakupikia."

"Maharage na unga wa muhogo wa kukaanga?"

"Na nyama, kama utapaka vizuri."

"Mama, mimi nikipaka ukuta, ukungu unahama nchi."

Jumamosi hiyo asubuhi Zoraide alikuwa juu ya paa akianika mashuka. Edi alikuwa ameondoka alfajiri bila kusema anapangiwa wapi, kama kawaida yake. Kwanza zikasikika fataki, ile ishara ya vijana ya kuambiana kwamba polisi wanaingia. Kisha gari la chuma la polisi, lisilopenywa na risasi, likapanda njia ya pembeni. Zoraide alijua la kufanya, kila mtu pale anajua: lala chini, kaa mbali na dirisha, ngoja. Akapiga magoti nyuma ya tangi la maji. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ngazi, kwa sababu alimwona Cleber akishuka.

Alikuwa na ndoo mkono mmoja, na begani ule mpini mrefu wa alumini wa brashi ya rangi. Alipowaona askari alisimama. Aliweka ndoo chini taratibu, kama alivyofundishwa na mama yake tangu utoto: usikimbie, usiingize mkono mfukoni, sema "ndiyo, bwana". Mikono ikaanza kupanda juu. Mpini ulikuwa bado begani. Zikalia risasi mbili, Cleber akaketi kwenye ngazi, kisha akalala.

Askari walikuwa wamefunika nyuso kwa vitambaa vyeusi. Mmoja wao alikimbia mpaka kwa Cleber, akapiga magoti, akamgeuza uso. Akashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili. Zoraide, nyuma ya tangi, alijiziba mdomo na nguo mbichi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyo huyo humjua mwanawe hata ukimfunika uso. Yule aliyepiga magoti alikuwa Edi.

Wakampakia Cleber ndani ya gari, wakasema wanamwahisha hospitali. Hata wafu huwahishwa hospitali katika jiji lile, ili pale walipoanguka pasibaki kitu cha kuangaliwa. Jioni televisheni ikatangaza: mtuhumiwa mmoja ameuawa katika majibizano ya risasi, amekutwa na bastola na redio ya mawasiliano. Kuhusu ndoo hawakusema. Mpini nao haukuonekana tena.

Edi alirudi kabla jua halijazama. Hakuvua viatu. Aliketi jikoni akautazama ule ukuta wenye ukungu.

"Ulikuwa kule," mama yake alisema.

"Siku zote napangiwa upande mwingine wa jiji. Leo kapteni amekusanya watu huku na huku. Sikupiga mimi, mama."

"Najua. Nilikuwa juu."

Edi aligeuka akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Uliona?"

"Niliona yote. Bastola mliitoa wapi?"

"Huwa ipo moja kwenye gari. Mama, usiniulize. Aliyepiga ni kijana kama mimi, ametoka mlima kama huu, anatetemeka kama mimi. Kapteni akasema andikeni hivi, tukaandika."

"Na wewe?"

"Mimi nilimshika miguu tukimbeba." Hapo akalia, jitu zima lenye mabega kama mlango, akalia na kamasi kama alipokuwa mtoto. "Kule ufukweni kwa matajiri, mama, tunafundishwa kusema 'tafadhali' na 'samahani, bwana'. Tukija huku hatufundishwi neno. Tunaambiwa tu kwamba kila mtu ana silaha."

Zoraide hakumkumbatia. Baadaye alijilaumu kwa hilo, kisha akaacha kujilaumu, maana hata kujilaumu kunataka nguvu. Alichukua sare, akailoweka kwenye karai, na maji yakabadilika rangi.

Mazishini watu walikuwa wengi. Ivonete hakupiga kelele. Alikaa kitako pembeni ya kaburi, amevaa fulana yenye picha ya Cleber anacheka, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Zoraide. Waliporudi ndipo alipouliza, na aliuliza kwa upole.

"Dada, saa ile ulikuwa umepanda kuanika. Mashuka niliyaona. Uliona nini?"

Zoraide alifungua mdomo. Akamwona moyoni Edi akifukuzwa kazi, Edi akiitwa msaliti na wenzake, Edi akikutwa kichochoroni na wale wale waliokula naye. Askari anayewachoma wenzake hana rafiki upande wowote wa mlima.

"Nilikuwa nimelala chini, Ivo. Sikuona vizuri."

Ivonete akaitikia kwa kichwa. "Kuna bibi kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka ananisikiliza. Anasema bila shahidi, neno la askari ndilo neno. Cleber atabaki jambazi." Alilisema hilo "jambazi" kama mtu anayetoa mfupa wa samaki kooni. "Sitaki kitu kingine. Sitaki waniombe radhi. Nataka waseme alikuwa anakwenda kupaka rangi."

Hakusema anakwenda kupaka rangi nyumbani kwa nani, maana wote wawili walijua.

Jumatatu Zoraide alikwenda kazini. Bi Heloísa, mwajiri wake, hakuwa mtu mbaya. Watu wa namna ile si wabaya, wako mbali tu. Alikuwa akinywa kahawa mbele ya televisheni.

"Umeona, Zoraide, karibu na kwenu? Inasikitisha. Lakini hawa vijana nao wanajitakia. Mtu mwaminifu hapigwi risasi."

"Ndiyo, bibi," akasema Zoraide, akaenda kuwasha pasi.

Katika nyumba hiyo hiyo, miaka ya nyuma, askari wawili walimleta Caio, kijana wa Bi Heloísa, waliyemkuta ufukweni na mfuko wa unga wa kulevya ndani ya gari. Walimpandisha kwa lifti ya mbele, ambayo Zoraide haruhusiwi kuipanda akiwa na kikapu. Mmoja alimshika mkono asijikwae. "Samahani kwa usumbufu, bibi, kijana amechangamka kidogo." Bi Heloísa akaagiza kahawa. Askari mmoja, mweusi kama Edi, aliinywa jikoni amesimama, akaosha kikombe mwenyewe, akasema, "Asante, mama," bila kumtazama usoni. Caio sasa ni mwanasheria. Zoraide hakumwombea mabaya hata siku moja, yeye ndiye aliyemlea. Lakini Jumatatu hiyo, akipiga pasi mashati ya mwanasheria, alihesabiana na Mungu kwa sauti ya chini.

Aliporudi nyumbani alasiri alikuwa amechoka kupita uchovu wake wa kawaida. Kulikuwa na rundo la nguo za siku zote za msiba. Akafua kila kilichokuwa kwenye karai, akapanda na beseni, akaanika, mikono ikifanya kazi peke yake, kichwa kikiwa makaburini. Akashuka, akaketi kwenye kiti cha jikoni, usingizi ukamchukua pale pale.

Aliamshwa na mlango. Ivonete aliingia bila kubisha, akasukuma mlango kwa kisigino, akafunga komeo. Tumbo lake lilikuwa limevimba kama la mja mzito. Akapandisha fulana yenye picha ya mwanawe, akatoa tumboni sare ya polisi, mbichi, inachuruzika. Akaitupa juu ya meza.

Katika miaka yote ile Zoraide hakuwahi kukosea.

"Ilikuwa kwenye kamba," Ivonete alisema. Alihema, maji yalimtiririka mapajani. "Katikati ya mashuka, inapepea."

"Nani ameona?"

"Vijana wa kona walikuwa wanagawana chakula. Wamechelewa kuinua vichwa. Niliwaambia nakwenda kuchukua shuka langu."

"Ivo..."

"Ngoja nimalize, maana nikinyamaza sitasema tena." Alishika kingo za meza. "Nilisimama dirishani nikaiangalia. Nilijua ni ya nani. Nimejua tangu mazishini kwamba alikuwepo. Ulivyonishika mkono pale kaburini, dada, ulinishika kama mtu aliyeniibia. Nikasema, iache. Ukae tu hapa dirishani, Ivonete, ufanye kama huoni vizuri."

Zoraide aliinamisha kichwa.

"Niliitaka sana nafsi yangu iweze. Haikuweza. Nimemshika yule mtoto maji yakimwagwa kichwani. Na nikasema, nikiiacha kesho tutakuwa wawili tunaolia, na wale wenye kutoa amri hata hawatajua kama ni wa kwao au wa kwetu aliyekufa. Anayeua mweusi, anayeuawa mweusi. Anayetia sahihi sijui ni rangi gani, huku mlimani hajawahi kupanda." Akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akalia kwa sauti. "Nimechoka, Zoza. Nimechoka mpaka kuchukia nimeshindwa."

Walikaa hivyo mpaka sare ikafanya dimbwi sakafuni. Zoraide hakuitandaza nyuma ya friji. Alimchemshia Ivonete kahawa, akamwekea sukari nyingi kama apendavyo.

"Twende kesho," akasema. "Kwa yule bibi wa mashtaka."

Jioni alimwambia Edi. Hakumwomba ruhusa.

"Utaniua, mama."

"Nitasema nilichokiona."

"Watajua ni mama yangu. Mwezi hautaisha kabla hawajanigeukia. Hujui wale watu."

"Nawajua. Nawafulia." Alimshika shavu, ndevu zikamchoma kiganja. "Njoo na sisi. Ukisema mwenyewe, itakuwa imesemwa na mwanamume. Nikisema mimi, umesemewa na mama."

Edi aliichukua sare mezani, akaitia begini. Asubuhi alikuwa ameshaondoka, na begi lake, na sare ikiwa bado mbichi ndani yake.

Ofisi ilikuwa mjini, ghorofani, yenye baridi ya mashine. Walivaa nguo za kanisani, Ivonete na ile fulana ya mwanawe juu yake. Mlinzi wa mlangoni, mweusi naye, aliwaelekeza kwenye lifti ya wahudumu, kisha akatazama fulana ya Ivonete, akajisahihisha, akawafungulia ile kubwa. Ndani ya lifti Ivonete alimshika mwenzake kiwiko.

"Sikiliza. Sema mpini, sema ndoo, sema mikono ilikuwa inapanda. Inatosha. Wakiuliza askari ni nani, walikuwa wamefunika nyuso. Huo si uongo."

"Ndiyo."

"Nakwambia mimi mwenye msiba. Inatosha."

Bibi wa mashtaka alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na karani wake aliandika kwa kompyuta. Zoraide alieleza. Alianza na mashuka, akaja kwenye fataki, kisha ndoo ilivyowekwa chini taratibu. Alipofika kwenye mikono alinyanyua yake mwenyewe, nusu, akaiacha hapo hewani, na Ivonete akageuza uso ukutani. Karani aliacha kuandika kidogo, kisha akaendelea.

"Umetusaidia sana, mama," alisema yule mwanamke. "Nikuulize kwa sababu mawakili wao watauliza: kutoka juu ya paa, mbali vile, uliweza kweli kutofautisha mpini na bunduki? Watasema ni bibi mzee, ameona vivuli."

"Niliona."

"Kuna chochote kinachothibitisha? Kuna askari hata mmoja uliyemtambua?"

"Walikuwa wamefunika nyuso," Ivonete alisema haraka. "Amekwisha sema."

Zoraide alitazama mikono yake. Angeweza kukaa kimya, na mwenye msiba mwenyewe alikuwa amemruhusu. Lakini wangesema ni vivuli, na Cleber angebaki jambazi, na yeye angerudi nyumbani akapike.

"Yuko mmoja," akasema.

"Zoza," Ivonete alinong'ona. "Basi."

"Yuko mmoja nilimtambua, na yeye anajua bastola ilitoka wapi. Mwiteni, mwulizeni. Akikana, nileteni nikae mbele yake." Sauti haikutetemeka, ilikuwa imechoka mno kutetemeka. "Andika, binti yangu. Anaitwa Edmilson. Mama yake ni mimi. Mama yake wa ubatizo ni huyu hapa."